Blanketi la Mvua la Farasi Hufia Karaini

Hotuba hii ilitolewa Njoro mbele ya masaisi na wenye farasi kutoka Nakuru, Rongai, Molo na Gilgil, wakati mvua za masika zilipokuwa zinakaribia. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliobaki zamu mabandani.

Waheshimiwa wenye farasi, masaisi wenzangu, vijana mnaojifunza kazi hii, na wazee wetu mlioketi hapo mbele: hamjambo? Nawashukuru kwa kuja. Ninajua kwamba wengi wenu mmeomba wenzenu wawashikie zamu, na kwamba farasi hawana siku ya mkutano. Kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika jambo lililotukusanya.

Nimekuja kuzungumza juu ya kuosha blanketi la mvua la farasi. Silizungumzii blanketi la sufu la ndani ya banda, wala shuka la pamba la kukausha jasho baada ya mchezo wa polo. Ninalizungumzia lile zito, lenye kitambaa kigumu nje, pamba ya poliesta katikati na bitana laini ndani, ambalo farasi hulala nalo malishoni usiku wa mvua. Blanketi hilo ni la bei kubwa, na kwa kawaida hutoka ng'ambo. Mimi niliyeacha usaisi nikawa fundi wa kuyashona na kuyaosha nimeona jambo ambalo linaniuma kila msimu: ni machache yanayofia mgongoni mwa farasi. Mengi hufia karaini. Yanafia mikononi mwa watu wenye bidii, wanaoyapenda, wanaotaka yang'ae. Ndiyo sababu ninazungumza nanyi leo kabla mvua hazijaanza, maana mkisubiri hadi Juni, Molo ikiwa imefunikwa na ukungu na hakuna kinachokauka, tutakuwa tumechelewa.

Ndugu zangu, ni nini hasa kinachozuia maji katika blanketi hili? Mkiuliza mabandani, wengi watawaambia kwamba ni unene wa kitambaa. Watawaonyesha lebo iliyoandikwa 600D au 1200D na kuwaambia kwamba namba ikiwa kubwa, mvua haipiti. Namba hiyo hupima uzito wa uzi, na D ni kifupi cha denier, jina la kipimo hicho. Uzi wa 600D ni ule ambao mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 600. Wa 1200D una uzito mara mbili ya huo kwa urefu uleule. Inatuambia jinsi kitambaa kitakavyostahimili meno ya farasi mwenzake na miiba ya seng'enge. Kuhusu mvua haituambii lolote. Kitambaa kitupu cha nailoni, hata kiwe kigumu namna gani, huvuja.

Niwapeleke nyuma kidogo. Mnamo 1823, Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa cha tabaka mbili kilichogandishwa kwa mpira katikati. Makoti yake yalinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, lakini yalionyesha jambo ambalo halijabadilika hadi leo: kuna kinachobeba umbo la vazi, na kuna kingine kinachozuia maji. Baadaye, mwaka wa 1935, nailoni ikapatikana katika maabara ya DuPont nchini Marekani, katika kazi iliyoongozwa na Wallace Carothers. Mwaka wa 1937 Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani wakapata poliyurethani. Na mwaka wa 1941 Whinfield na Dickson wakapata poliesta nchini Uingereza. Blanketi la farasi la leo limejengwa kwa vitu hivyo vitatu. Nailoni au poliesta ndiyo nguo. Poliyurethani ndiyo utando mwembamba uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa cha nje, mahali ambapo jicho halifiki, na huo ndio ukuta wa mwisho dhidi ya mvua. Juu ya kitambaa, upande unaoonekana, kiwandani hupakwa dawa ya kufukuza maji, ambayo huyafanya matone yajikusanye na kuteleza.

Dawa hiyo ya nje hufanya kazi kama jani la nduma. Mwagia jani la nduma maji, nalo halitalowa; maji yatajiviringisha na kudondoka. Basi simama kando ya farasi wako aliyevaa blanketi zima mvua ikinyesha, utaona hivyohivyo ubavuni mwake.

Sasa sikilizeni kisa cha blanketi moja la Molo. Mwenye farasi mmoja aliniletea blanketi akiniambia limepasuka mahali asipopaona, kwa kuwa farasi wake alikuwa amekutwa asubuhi akitetemeka, bitana ikiwa imelowa na nywele zimelala. Ni muhimu kuelewa hapo, maana farasi asiye na blanketi husimamisha nywele zake, na hewa inayonaswa katikati yake humpa joto. Farasi aliyevishwa blanketi lililolowa amenyang'anywa kinga hiyo na kubebeshwa maji baridi juu yake. Ni afadhali angeachwa bila kitu. Nililitandaza blanketi lile mezani, nikaliangalia mshono kwa mshono, na halikuwa na mpasuko wowote. Lilikuwa safi kabisa. Lilikuwa linanukia vizuri. Niliponyunyizia maji begani, tone lilikaa kwa muda mfupi, likapanuka, likazama na kuacha doa jeusi. Nikamuuliza lilioshwa kwa nini. Lilikuwa limeloweshwa usiku kucha katika sabuni ya unga, likasuguliwa, kisha likasuuzwa kwa maji yenye dawa ya kulainisha nguo ili farasi apate ulaini.

Je, mnajua sabuni ya unga hufanya nini ikibaki kwenye kitambaa? Chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda mafuta, nyingine hupenda maji. Ndiyo maana huondoa uchafu. Lakini ikibaki, ncha ya mafuta hukamata kitambaa na ncha ya maji hutazama nje, na kila tone la mvua likifika hukuta limefunguliwa mlango. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi, kwa sababu imetengenezwa ibaki. Wala utando wa ndani si lazima uwe umepasuka ndipo farasi alowe. Kitambaa cha nje kikijaa maji, mvuke wa mwili wa farasi haupati pa kutokea. Hugeuka maji ndani ya bitana, na asubuhi tunasema blanketi limevuja. Sehemu ya maji yaliyomtesa farasi yule wa Molo ilikuwa jasho lake mwenyewe lililokosa njia.

Blanketi lile halikutupwa. Nililisuuza kwa maji baridi matupu, tena na tena, hadi povu lilipokwisha kabisa, na ubavuni matone yakaanza kuteleza upya. Begani na mgongoni, mahali ambapo mvua hupiga zaidi, ilibidi nipulize dawa mpya ya kufukuza maji. Lilirudi Molo, na hadi leo linafanya kazi.

Ninawaomba tuyashike haya mawili, utando wa ndani na dawa ya nje, kwa sababu kila nitakalosema kuhusu kuosha linatokana nayo.

Siku ya kuosha huanza na nini? Huanza na maji? La, haianzi na maji. Huanza na ufagio. Blanketi lenye tope bichi lisiguswe. Litundikwe kwenye fito za uzio hadi tope likauke, kwa sababu tope na kinyesi vikikauka huanguka vyenyewe, na vikiloweshwa huingia ndani ya nyuzi. Likishakauka, litandazwe kwenye sakafu ya saruji iliyofagiliwa, upande wa nje ukiwa juu, lipigwe brashi ngumu kiasi kutoka mgongoni kuelekea chini. Kisha lipinduliwe. Upande wa bitana utaona nywele zimefumwa humo mpaka zinaonekana sehemu ya kitambaa, na hapo chukua kitana cha mpira unachomsugulia farasi, uzungushe polepole. Nywele zitakuja kwa mafungu. Angalia kwa makini penye shingo na begani. Hapo pana weusi unaong'aa, wa jasho, mba na mafuta ya ngozi, na hapo ndipo kazi ya sabuni itakapohitajika. Kwingine kote, wallahi, mara nyingi ufagio na maji matupu vingetosha.

Kabla ya kuleta maji, kagua. Mpasuko mkubwa ushikizwe kwa mishono michache ya mkono, maana blanketi likishakunywa maji huwa zito, huendelea kuchanika, na pamba yake hujikusanya upande mmoja. Kazi ya kudumu ya fundi ifanywe baadaye, blanketi likiwa safi na kavu. Mikanda ya miguu inayotoka itolewe ioshwe peke yake, na bizimu zote zifungwe zisikwaruze kitambaa.

Ndipo yaje maji, nayo yawe baridi, ya mfereji au ya tangi, kama yalivyo. Maji yaliyochemshwa yasikaribie kabisa. Wapo wanaoniambia kwamba maji ya moto huua wadudu. Maji ya moto huua blanketi kwanza. Lebo nyingi huweka kikomo cha nyuzi 30 za Selsiasi, na maji yetu ya Njoro hayafiki huko hata Januari. Na tafadhali, msilikunje blanketi zima ndani ya karai. Karai ni dogo. Blanketi hujisugua lenyewe kwa lenyewe, uchafu wa nje huhamia kwenye bitana, sabuni hujificha katika mikunjo, na suuza yoyote mtakayofanya haifiki huko. Lilazeni kwenye sakafu yenye mteremko, lilowesheni kwa mpira wa maji, liacheni kwa nusu saa hivi uchafu ulainike. Halafu mlioshe kwa sifongo au brashi laini, sehemu kwa sehemu.

Sabuni gani? Zipo sabuni zilizotengenezwa kwa vitambaa hivi, ambazo husafisha bila kuacha mabaki yanayoita maji. Kampuni kama Nikwax ya Uingereza, iliyoanzishwa na Nick Brown mwaka wa 1977, hutengeneza sabuni na dawa za namna hiyo, na zipo nyingine. Ninajua swali lililo mioyoni mwenu: na sisi tusiozipata, au tusio na pesa zake? Jibu langu ni hili, na ninalisema kwa uhakika. Upande wa nje uoshwe kwa maji baridi matupu na mikono yenye subira. Upande wa ndani, mahali palipo na weusi wa jasho pekee, tumieni sabuni laini ya kipande iliyokwanguliwa na kuyeyushwa, kidogo sana, kisha suuzeni hadi maji yanayotoka chini yawe maangavu. Yakiwa maangavu, suuzeni tena. Blanketi lenye alama ya tope linalozuia mvua ni blanketi zima. Blanketi linalong'aa huku linanyonya maji ni mzigo.

Jiki isifike karibu. Hula rangi, hula uzi wa mishono, hula utando. Unga wa kusugulia sufuria usifike karibu, wala waya wa kusugulia. Harufu ya mkojo, ambayo huchoma macho mkifungua blanketi lililolaliwa, huondoka kwa maji mengi baridi ikiwahiwa siku hiyohiyo. Ikiachwa wiki nzima, hapana sabuni itakayowasaidia bila kudhuru kitu kingine.

Kijana mmoja saisi, mchapakazi kwelikweli, alipeleka blanketi la mwajiri wake kwenye sehemu ya kuoshea magari mjini Nakuru. Likapigwa kwa mashine ya presha dakika chache tu, tope lote likatoka, naye akafurahi. Nilipoletewa, niliweka mkono ndani na kuinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Kando ya mshono wa mgongo, matundu ya sindano yalikuwa yamefunguka, na utepe uliobandikwa ndani kuyaziba ulikuwa umeinuka kiasi cha kupitisha ukucha. Mshono wa mgongo ndio unaopokea mvua moja kwa moja. Nilibandua utepe wote, nikapaka gundi ya mishono upya, kazi ya siku nzima, kwa ajili ya dakika chache za presha. Mashine ile imetengenezwa kwa bati la gari. Mpira wa maji wa kawaida, ukishikwa mbali kidogo, unatosha.

Na mashine ya kufulia ya nyumbani je? Wenye farasi, ninawaangalia ninyi. Blanketi la gramu 300 za pamba kwa kila mita ya mraba, likishalowa, ni zito kuliko mashine nyingi za nyumbani zinavyoweza kubeba. Nywele zitaziba pampu, bizimu zitagonga ngoma, na mzunguko wa kukamua utalivuta blanketi kwenye mishono. Kama lazima iwe mashine, iwe ile kubwa ya dobi isiyo na mhimili katikati, maji baridi, bila joto la kukaushia.

Wachache wenu bado wana mablanketi ya zamani ya turubai la pamba au kitani, yaliyopakwa nta. Hayo sheria yake ni nyingine: brashi kavu, maji baridi, sabuni hapana kabisa, kwa kuwa sabuni huondoa nta na nta ndiyo kila kitu. Yakikauka yapakwe nta upya.

Nije kwenye joto. Nimeona mablanketi mengi yakiokoka majini na kufa wakati wa kukaushwa, na hapa ndipo ninapoomba masikio yenu yote.

Mama mmoja mwenye farasi wawili, upande wa Rongai, alianika blanketi juu ya paa la mabati mchana wa jua kali ili liwahi kukauka kabla ya jioni. Liliwahi. Alinipigia simu majuma machache baadaye akisema farasi wake ameingiwa na unga mweupe mgongoni, na anahofia ni ugonjwa wa ngozi. Nilipofika, nilipitisha kiganja kwenye mpasuko mdogo wa bitana, nikagusa upande wa ndani wa kitambaa cha nje. Kilikuwa kinanata. Nilipotoa mkono, kiganja kilikuwa na magamba madogo meupe. Unga ule mgongoni mwa farasi haukuwa ugonjwa. Ulikuwa utando wa poliyurethani, unabanduka na kupenya kwenye bitana. Nilimwambia kweli, kwa upole, kwamba utando ukishaanza kubanduka hapana fundi anayeurudisha. Dawa ya kupuliza hutibu upande wa nje. Ukuta wa ndani ukianguka umeanguka.

Kwa nini? Kwa sababu poliyurethani ina maadui wawili wanaofanya kazi pamoja, yaani joto na unyevu. Unyevu ukikaa ndani yake muda mrefu huvunja viungo vya kemikali vinavyoushikilia utando, na joto huharakisha uvunjaji huo. Blanketi lililokunjwa likiwa na unyevu ndani ya sanduku la chuma lililo juani hupata yote mawili kwa mkupuo. Jua lenyewe pia, hapa kwetu kwenye mwinuko wa kama mita 1,850 pale mjini Nakuru na zaidi ya hapo tukipanda Njoro na Molo, ni kali kuliko wanavyofikiri waliotuandikia lebo zile Ulaya. Miale yake hudhoofisha nailoni na kuzima rangi.

Basi likaushwe namna gani? Kivulini penye upepo. Lisitundikwe kwenye kamba moja nyembamba, kwani maji yote hukimbilia pembeni, uzito huvuta, na mahali pa mkunjo utando hupata ufa. Lilazwe juu ya fito mbili au tatu zilizo sambamba, bitana ikiwa juu kwanza, baadaye lipinduliwe. Kwenye seng'enge hapana, hata kwa dakika moja. Karibu na jiko la makaa hapana. Julai huku juu linaweza kuchukua siku mbili, hata tatu, na hizo siku tatu lazima tuzikubali. Ndiyo maana banda lenye farasi wengi linahitaji mablanketi ya akiba. Ukidhani limekauka, lishike kifuani na kwenye pindo la chini, ukamue kwa viganja viwili kwa nguvu. Pamba ya ndani hukauka mwisho, na maji yake hujificha mahali hapo pawili.

Dawa ya kufukuza maji ipulizwe lini? Nyingi za sasa, zilizochanganywa kwa maji, hupulizwa blanketi likiwa bado na unyevu, mara tu baada ya suuza ya mwisho, someni chupa. Mimi napendelea ya kupuliza kuliko ya kulowekea, kwa sababu ya kulowekea huingia hata kwenye bitana, na bitana tunataka iendelee kupokea jasho. Puliza upande wa nje tu, sawasawa, ongeza mgongoni na begani, ngoja kidogo, futa ziada kwa kitambaa safi.

Wenye punda wa mikokoteni mliokuja leo, nimewaona na nimefurahi. Nimeona pia mnavyowafunga turubai la plastiki wanyama wenu mvua ikinyesha. Linazuia maji, ni kweli, lakini halipitishi mvuke, na punda aliyetoka kuvuta mzigo hulowa kutoka ndani. Mwacheni apoe na akauke kwanza chini ya paa.

Kuna jambo la magonjwa, nami nitaligusa kwa kifupi. Blanketi chafu linalohama kutoka farasi hadi farasi huhamisha choa, na mbegu za kuvu yake hudumu kwenye nguo na vifaa kwa miezi mingi. Hushika hata ngozi zetu sisi masaisi. Kuna pia ugonjwa wa magamba ya mvua, unaoletwa na bakteria iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1915 na Van Saceghem katika Kongo ya Wabelgiji, ndiyo maana ikaitwa Dermatophilus congolensis. Bakteria hiyo hupenda ngozi iliyolowa muda mrefu, na blanketi linalonyonya maji huitengenezea makao. Farasi mwenye ugonjwa wa ngozi awe na blanketi lake, kitana chake na brashi yake. Kisha mwiteni daktari wa mifugo. Ipo dawa ya kuua kuvu yenye enilikonazoli ambayo hutumika kwa farasi na kwa vifaa vyake, naye ndiye atakayewapimia. Msikimbilie jiki kwa hofu, maana mtaua kuvu na blanketi kwa pamoja.

Mnauliza, tuoshe mara ngapi? Mara moja kwa mwaka, mvua zinapokwisha, inatosha kwa blanketi linalopigwa brashi kila siku. Kila kuosha huondoa dawa kidogo ya nje. Shuka jepesi la pamba chini ya blanketi likichukua jasho na mafuta, hilo mtalifua kila wiki kwa sabuni yoyote mtakayo, na lile kubwa litabaki salama.

Na maji ya kuoshea yanakwenda wapi? Hili halihusu farasi, lakini linatuhusu sote tulioketi hapa. Mto Njoro hutoka Mau, hupita katikati yetu na kuishia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mahali pa kutokea. Kinachoingia humo hubaki humo. Ni ziwa lililokuwa la kwanza nchini Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu, mwaka wa 1990, na flamingo wake wanakula viumbe vidogo vinavyokua ndani ya maji hayo. Dawa nyingi za zamani za kufukuza maji zilikuwa na kemikali za florini zisizooza. Mbili kati yake ziliwekwa katika Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza: PFOS mwaka wa 2009 na PFOA mwaka wa 2019. Kwa hiyo mkinunua dawa ya kupuliza, tafuteni iliyoandikwa kwamba haina florini. Na popote mlipo, sakafu ya kuoshea iwe mbali na mto, maji yake yaingie kwenye shimo la mchanga na kokoto. Nimeona mablanketi yakioshwa mtoni kwenyewe, yamelazwa juu ya mawe, sabuni ikiteremka kuelekea ziwani. Ninawasihi, kwa heshima yote, tuliache hilo kuanzia leo.

Sasa mvua zimekwisha, blanketi ni safi, limekauka hadi ndani. Litawekwa wapi? Paka bizimu mafuta kidogo zisishike kutu, ukifuta yanayozidi yasiguse kitambaa. Likunje kwa ulegevu, bitana ikiwa nje, na kila miezi michache ulifungue, ulipungie hewa, ulikunje mahali pengine, ili ufa usizaliwe kwenye mkunjo uleule. Mfuko wa plastiki uliofungwa hufungia unyevu. Gunia safi au mfuko wa kitambaa hupumua. Liwekwe juu ya rafu, mbali na sakafu ya saruji na mbali na ghala la chakula cha farasi, kwa kuwa panya akishaonja pamba ya poliesta hujenga humo. Andika kwenye kipande cha karatasi tarehe liliposhonwa na lilipopuliziwa dawa, ukichomeke ndani ya kola.

Wale mliobeba mablanketi yenu leo, nimetandaza turubai kule chini ya mti wa mgunga na ndoo mbili za maji baridi. Leteni moja moja. Tutaanza na jaribio la tone begani, halafu tutaikagua mishono ya mgongo pamoja, na kwa yale yatakayohitaji kiraka nitawaonyesha jinsi ya kukibandika upande wa nje bila kuongeza tundu la sindano. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.